Mshairi Mgeni na Mji Unaomjibu

Mwaka 1976 mji wa Franconia, ulioko milimani katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, ulinunua nyumba ya shamba ambamo mshairi Robert Frost aliwahi kuishi na mkewe na watoto wao. Frost alihamia hapo mwaka 1915 aliporejea kutoka Uingereza, akakaa miaka mitano, na hata baada ya kuhama aliendelea kurudi wakati wa kiangazi kwa muda mrefu. Wenye mji wangeweza kuifanya nyumba hiyo makumbusho tu, wakazungushia kamba meza na kiti chake, wakakata tiketi. Sehemu moja waliifanya hivyo. Sehemu iliyobaki waliiacha iwe ya kulala na kupikia, na tangu mwaka uliofuata mshairi mmoja aliye hai hukaribishwa humo kila kiangazi, akae wiki kadhaa na kuandika. Banda la shamba lililo kando ya nyumba likawa ukumbi. Humo, kwa miaka mingi, washairi wamekuwa wakikutana wakati wa kiangazi kwa siku za tamasha na mafunzo, wakikosoana tungo zao na kusomeana mbele ya yeyote aliyepanda kilima kuja kusikiliza.

Katika jimbo hilohilo, upande wa kusini, kuna mji wa Peterborough na kituo cha MacDowell, ambacho ni kikongwe zaidi. Kilianzishwa mwaka 1907 na mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian. Kila msanii hupewa kibanda chake msituni, mbali na vibanda vya wenzake. Mchana chakula huletwa ndani ya kikapu na kuachwa mlangoni kimyakimya, ili anayefanya kazi asikatizwe hata na salamu. Thornton Wilder na James Baldwin ni miongoni mwa waliowahi kufanya kazi huko. Sina neno baya juu ya kikapu hicho. Yeyote aliyewahi kutunga huku akiitwa kila dakika anajua thamani ya mlango usiogongwa.

Hata hivyo nyumba mbili hizi zinamtazama mshairi kwa macho tofauti. Peterborough inamkinga na watu. Franconia inampa kimya cha asubuhi, kisha inamweka ndani ya nyumba ambayo wageni wanaingia na kutoka kumtafuta mshairi aliyekufa, wakamkuta aliye hai, na kabla ya kiangazi kwisha anatakiwa asome mbele ya watu. Naipenda zaidi Franconia. Ukaazi wa mshairi, kwa maoni yangu, haukamiliki kwa chumba na meza peke yake. Unakamilika pale mji uliompokea unapomsikia na kumjibu, na tamasha ndiyo siku ya jibu hilo. Ukiyatazama mapokeo mengine ya ushairi nje ya Marekani na Ulaya, utaona kwamba jambo hili limefikiriwa kwa kina zaidi kuliko lilivyofikiriwa New Hampshire, na kwamba sisi wa pwani ya Kiswahili tulikuwa nalo kabla hatujasikia habari za vibanda vya msituni.

Imani kwamba shairi huzaliwa upwekeni ilikua sana Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi Mwingereza William Wordsworth anatajwa kila mara kuwa mfano wake, mtu wa kutembea peke yake vilimani. Lakini katika nyumba yake ya Grasmere, kuanzia mwaka 1799, aliishi na dada yake Dorothy, ambaye aliandika shajara. Mambo waliyoyaona pamoja njiani yaliingia kwanza katika shajara hiyo, na mengine yakaonekana baadaye katika mashairi ya kaka. Rafiki wa Wordsworth, mshairi Coleridge, alikuwa akiingia na kutoka. Upweke uliosifiwa vile ulikuwa na watu wawili watatu ndani yake, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyepika, aliyeandika na aliyekumbuka.

Huko Japani, karne moja kabla ya imani hiyo kukua Ulaya, kulikuwa na washairi walioufanya ukarimu kuwa kanuni ya utunzi. Mwaka 1689 Matsuo Bashō, tayari mshairi mwenye jina kubwa, aliondoka mji wa Edo kwa miguu pamoja na mwanafunzi wake Sora, wakaelekea kaskazini. Safari hiyo ya takriban miezi mitano ndiyo iliyozaa kitabu chake mashuhuri, Oku no Hosomichi. Wengi humwona Bashō akilini mwao kama mtu mmoja na fimbo yake barabarani. Kumbe siku nyingi alikuwa mgeni wa watu. Huko Sukagawa alikaa siku kadhaa kwa Tōkyū, msimamizi wa kituo cha wasafiri, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Huko Obanazawa alikaa siku kumi, mwenyeji wake akiwa Seifū, mfanyabiashara tajiri wa maua ya kutengenezea rangi nyekundu. Hawa hawakuwa watu wa kumpa kitanda tu. Walikuwa wamengoja zamu yao ya kutunga naye.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Watu waliketi pamoja kutunga utungo mmoja mrefu wa beti fupi fupi zilizounganishwa, mara nyingi beti 36. Mgeni mheshimiwa ndiye aliyefungua. Ubeti wake, hokku, ulipaswa kugusa majira ya mwaka na mahali alipopokewa, ukiwa ni salamu na shukrani kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alijibu kwa ubeti wa pili, mfupi zaidi, akiipokea salamu na kuiongezea kitu. Wa tatu aligeuza mwelekeo ili utungo usigande, na kutoka hapo zamu zikazunguka. Bashō anasimulia kwamba kwa Tōkyū swali la kwanza alilokutana nalo lilikuwa jinsi alivyovuka kizuizi cha kale cha Shirakawa, mahali palipotungiwa mashairi karne nyingi kabla yake. Mwenyeji alitaka kujua mgeni ameona nini na ametunga nini juu yake. Kutokana na swali hilo ukatoka ubeti wa kwanza, ukajibiwa, na kabla ya kuagana walikuwa wamekamilisha tungo tatu.

Ubeti ule wa kufungulia ndio mzazi wa haiku, ambayo leo inafundishwa shuleni duniani kote kama shairi dogo la mtu mmoja anayetazama maumbile. Aliyeutenga rasmi na beti zinazoufuata na kuusimamisha peke yake ni Masaoka Shiki, mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo ulikuwa salamu ya mgeni iliyongoja kuitikiwa. Hilo linanigusa sana. Umbo ambalo dunia nzima inaliona kuwa kilele cha upweke lilianzia sebuleni kwa watu.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na soko la Ukaz, karibu na Taif, katika miezi mitukufu ambayo makabila yaliweka silaha chini. Msomaji aliyepita madrasa ameshasikia habari za hema jekundu la ngozi alilopigiwa mshairi an-Nabigha adh-Dhubyani, na washairi waliopita mbele yake akiwahukumu: al-A'sha, al-Khansa, Hassan bin Thabit. Ukaz ilikuwa na hakimu mkali na umma mkubwa, lakini mshairi alifikia kwa watu wa kabila lake na akaondoka nao. Ilikuwa tamasha lisilo na ukaazi. Serikali ya Saudi Arabia ililifufua soko hilo mwaka 2007, na ushairi umerudi jukwaani pale.

Matamasha makubwa ya Ulaya ya sasa yako karibu zaidi na Ukaz kuliko na sebule ya Tōkyū. Poetry International la Rotterdam, lililoanza mwaka 1970, huwaleta washairi wa dunia kwa siku chache, kila mmoja akasoma kwa lugha yake huku tafsiri ikionekana ukutani. Lina jambo moja la kuigwa, nalo ni desturi ya miaka mingi ya washairi waalikwa kukaa pamoja kutafsiri kazi ya mmoja wao, kila mtu kwa lugha ya kwao. Haji Gora Haji, mvuvi na baharia wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga, ni mmoja wa washairi wa Kiswahili waliowahi kufika katika jukwaa hilo. Nafurahi kwamba alisikika huko. Lakini waliomsikia hawakuwa na uwezo wa kumjibu kwa vina na mizani, na kwa malenga wa Kiswahili kusikilizwa bila kujibiwa ni nusu tu ya heshima.

Hapo ndipo mapokeo yetu yanapojitenga. Shairi la Kiswahili tangu zamani limetungwa kwa kumlenga mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, hakuwa akitunga kwa ajili ya kitabu. Alitunga kwa ajili ya mji wake na watawala wake wa Kimazrui, dhidi ya mahasimu wao, kwa marafiki waliomwandikia na kwa waliomchokoza. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama uliofikia kilele katika vita vya Shela, beti zilivuka bahari kati ya Mombasa na Lamu zikiwa na vijembe na vitisho, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliyejibu alifuata vina vya aliyeuliza. Ukali wa jibu ulipimwa kwa hilo: umeweza kunigeuzia hoja ndani ya umbo langu mwenyewe?

Na mji ulihifadhi. Miongo kadhaa baada ya kifo cha Muyaka, beti zake zilikuwa bado vichwani na midomoni mwa watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa katika Diwani ya Muyaka. Kama Muyaka angekuwa ametunga katika kibanda cha msituni, akaachiwa kikapu mlangoni, sijui nani angezibeba beti hizo muda wote huo.

Gazeti lilipokuja, majibizano yalihamia humo. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na swali la mtu wa Tanga lingeweza kupata jibu la mtu wa Lindi ambaye hajawahi kumwona. Mathias Mnyampala akaipandisha jukwaani desturi hiyohiyo kwa ngonjera zake, watu wawili au zaidi wakibishana kwa beti mbele ya hadhira hadi mmoja akubali. Ngonjera nyingi za baadaye zimechosha masikio kwa sababu mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Hilo ni kosa la waliozitunga, na umbo lenyewe bado lina nguvu.

Upweke nao tunaujua, na tunaujua vibaya. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuihoji serikali, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliwekwa peke yake. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ilitoka mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kwa hiyo diwani yetu mashuhuri kuliko zote zilizotungwa katika utengano ilitungwa gerezani, na kila ukurasa wake unawatafuta watu ambao mshairi amezuiwa kuwafikia. Anayetaka kutujengea vituo vya ukimya aikumbuke diwani hiyo kwanza.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewadhulumu washairi walio hai. Mji unaojibu haumpi mshairi muda. Malenga wetu wametunga wakiwa wamechoka. Haji Gora alitoka baharini. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, ambaye tungo zake ndefu zimekuwa zikifundisha na kuonya mji wake tangu miaka ya 1970, aliendesha kazi ya kuoka mikate na pia ni imamu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kuna tungo ngapi ambazo hazikumalizika kwa sababu mtunzi wake alikuwa na samaki wa kuuza au mtoto wa kunyonyesha? Kwa hili kikapu cha Peterborough kina haki yake. Tunahitaji vyote viwili, muda wa kutunga na watu wa kujibu, na ndiyo maana nasema ukaazi uliofungwa kwenye tamasha unatufaa kuliko ukaazi peke yake au tamasha peke yake.

Kinachouma ni kwamba vipande vya jengo hilo tayari viko mikononi mwetu. Tuzo tunazo. Mwaka 2014 zilianzishwa mbili: Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein nchini Tanzania, na Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, ambayo mwaka 2015 ilimtunuku Mohammed Khelef Ghassani, mtangazaji Mzanzibari aliyeko Ujerumani, kwa diwani yake N'na Kwetu. Tuzo hulipa kazi iliyokwisha. Haimsaidii mtu ambaye diwani yake bado iko nusu. Matamasha tunayo. Tamasha la utamaduni la Lamu lina mashindano ya ushairi sambamba na mashindano ya jahazi na ya punda, na mji huo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Lakini katika mashindano mtunzi hupewa dakika zake, hupigiwa makofi, na kesho yake anapanda boti kurudi Mokowe, upande wa bara.

Ukarimu nao tunao, tena wa kiwango ambacho Franconia haijawahi kuufikia. Tazama Maulidi ya Lamu, yaliyojengwa na Habib Swaleh, mtu aliyekuja kutoka Ngazija na kuasisi msikiti na chuo cha Riyadha. Kila mwaka katika Mfungo Sita mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, madrasa zikija na vikundi vyao vya kughani kasida na kupiga matari, na nyumba za watu zinafunguliwa kuwalaza na kuwalisha. Maulidi ni ibada, na sipendekezi yageuzwe jukwaa la mtu kujinadi. Nasema tu kwamba mji unaoweza kupokea umati namna hiyo kwa siku chache hauwezi kushindwa kumpokea malenga mmoja kwa mwezi mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mshairi mgeni uponyaji huo ni wa kweli: anauona mji kwa jicho ambalo kwa wenyeji limelala kwa mazoea.

Ningependa kuona jambo hili likifanywa Lamu kwanza, kisha Unguja, Pemba, Mombasa na Tanga. Mshairi mmoja aletwe wiki nne kabla ya tamasha, kutoka mahali pengine penye Kiswahili: Bujumbura, Lubumbashi, Muskat, Dodoma. Akae katika nyumba ya watu, si hotelini, apewe chumba chenye mlango unaofungwa, chakula, nauli na posho inayoziba pengo la kazi aliyoiacha. Asubuhi zake ziwe zake kabisa. Wiki ya kwanza atoe ubeti wa salamu kwa mji, kama Bashō kwa Tōkyū, ubandikwe sokoni na usomwe redioni. Malenga wa mji wajibu, kwa vina vyake, na watoto wa shule pia. Siku ya tamasha asisome yeye peke yake. Asomewe majibu, na aliyemshinda hoja atajwe kwa jina. Kisha majibizano yote yachapishwe katika kijitabu kimoja, maana hatuna tena uhakika kwamba vichwa vya watu vitabeba beti kwa nusu karne kama vilivyobeba za Muyaka.

Jambo moja lisisahauliwe na kamati yoyote itakayojaribu. Mshairi mwanamke mwenye watoto aalikwe pamoja na watoto wake. Programu nyingi za ukaazi duniani zimebuniwa kwa mtu anayeweza kufunga mkoba na kuondoka, na mtu huyo kwetu, mara nyingi mno, ni mwanamume. Nyumba za Waswahili zimezoea watoto wa wageni. Kwa hili tunaweza kuwatangulia wote niliowataja.

Gharama yake ni ndogo. Ni chumba, sahani ya ziada mezani, nauli ya kuja na kurudi, na posho ya mwezi. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yana majina ya washairi, kaunti ya Lamu ina tamasha, vyuo vikuu vya pwani vina wanafunzi wa fasihi wanaotafuta mada za utafiti. Nawaomba wakae meza moja kabla ya tamasha lijalo. Na wewe msomaji, ikiwa una chumba kitupu katika mji wenye tamasha na moyo wako unapenda tungo, usisubiri wao. Waandikie wenye tamasha, uwaambie una kitanda na una meza, na kwamba uko tayari kumpokea malenga.